Nyumba ya Anayetambaa

Mjukuu wangu alipoanza kutambaa, mimi nilikosa pa kukaa. Nikikaa kwenye kochi, macho yanakwenda kwenye waya wa pasi. Nikiufunga, nakumbuka ndoo ya maji bafuni. Nikiimwaga, nasikia kijiko kimeanguka jikoni.

"Mama, tulia basi," mwanangu akasema. Yeye ni fundi rangi, na siku hiyo hakuwa na kazi. Mkewe ndiye aliyekuwa saluni kwake. "Sisi ulitulea vipi? Mbona tuko hai?"

"Mko hai kwa sababu sikutulia. Kitendawili."

"Tega."

"Mfalme wangu hutembea kwa magoti, na kila akikutacho ni chakula."

"Si huyo mumeo mdogo hapo mlangoni, ananyonya kidole. Nipe kigumu."

"Nyumba moja, watu wawili. Mmoja huona meza, mwenzake huona uvungu wa meza. Nani aijuaye nyumba?"

Sikumngoja ajibu; nikapiga magoti, nikaanza kutambaa.

"Jamani Mama, jirani akichungulia atasema umepoteza jino."

"Meno yangu najua yalipo."

Huko chini nyumba ni nyingine. Msumari umechomoza mguuni mwa meza. Kifungo cha shati kinang'aa kama peremende. Na nyuma ya kochi, chupa ya soda imelala ubavu, imezibwa kwa kipande cha nailoni, na brashi pembeni yake.

"Baba, soda hii ya nani?" nikamuuliza mwanangu.

Kicheko kikamkauka. "Hiyo si soda. Ni tina, ya kuyeyushia rangi na kuoshea brashi. Mafundi wote tunatia humo."

Nailoni ilikuwa imelegea, sakafu imelowa. Na mtoto bado ananyonya kidole.

Mwanangu akamnyanyua kabla mimi sijasimama. Nikanusa mkono: tina. Nikanusa kinywa, nikanusa tena, pua yangu siiamini.

"Sema, Mama."

"Nasikia maziwa. Lakini pua ya bibi si daktari. Twende."

Tulimwosha mikono kwa sabuni tukatoka, mimi nimevaa kandambili moja yangu na nyingine ya mkwe wangu. Zahanati tulikaa hadi benchi likanichoma. Mganga alimsikiliza kifua, akamwangalia kinywa, akatuweka tusubiri, akamsikiliza tena. Hakuwa amemeza. Alikuwa ameonja kidole tu, uchungu ukamkataza.

Mkwe wangu aliporudi jioni alimkuta mumewe chini ya meza ya kulia, nyundo mkononi, makalio juu. Tina ilikwishahamia kwenye kopo lake lenye mfuniko, ndani ya kabati la juu lenye kufuli.

"Mmepoteza nini?" akauliza.

"Hatujapoteza," akajibu mwanangu kutoka uvunguni. "Shuka na wewe uone."

Akaniangalia mimi. Nami nilikuwa nimeshasimama tena, maana nilikumbuka kiberiti.