Kitanda cha Kumi na Mbili

Kwa siku kumi na tisa mfululizo, hospitali moja ndogo ya kanisa karibu na Kibabii iliniletea hesabu ile ile: vitanda vya oksijeni kumi na viwili, wagonjwa kumi na mmoja. Haikupanda, haikushuka.

Mimi ni karani wa rekodi katika hospitali moja hapa Kitale. Korona ilipotupiga kweli kweli Julai ile, nilipewa kazi moja tu. Kila asubuhi saa mbili nipige simu hospitali ishirini na tatu, kuanzia Kapenguria hadi Lwakhakha, niulize vitanda, nijaze fomu, na fomu iwe wizarani Nairobi kabla ya saa nne. Ilikuwa na safu mbili: vitanda, wagonjwa. Basi.

Hesabu zinazopanda na kushuka hazinisumbui, ndivyo maisha yalivyo. Hesabu isiyotikisika hunisumbua kama kokoto ndani ya kiatu. Kila nilipokiomba kile kitanda kimoja kwa ajili ya mgonjwa aliyekosa nafasi kwetu, Sista Peris, msimamizi wa wodi, alinijibu bila hata kupandisha sauti.

"Usilete mtu, Lorna."

"Lakini Sista, si umesema kiko wazi?"

"Iko wazi. Na usilete mtu."

Kisha anakata simu. Nilikuwa nikibaki nimekodolea simu macho. Mwenye kuficha kitu husema uongo, na huyu angesema tu kumi na wawili juu ya kumi na viwili, nami nisingejua chochote hadi leo. Kwa nini aniambie ukweli kila asubuhi halafu aninyime?

Nilijaribu kukisia. Kwanza nilidhani kitanda kimevunjika, lakini kilichovunjika hakihesabiwi. Kisha nikadhani kuna mtu amekifia na wagonjwa wanakiogopa. Hilo nalo nililitupa, kwa sababu Julai ile hakukuwa na kitanda ambacho hakijafiwa. Mwishowe nikaamua ni cha mheshimiwa fulani aliyewekewa akiba, asije akaugua akakosa pa kulala. Nilipofikia hapo hasira ilinishika, na nikiri kwamba niliifurahia.

Siku ya ishirini, hapa kwetu Kitale, watu wa mapokezi waliletewa Mwalimu Cheruiyot, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Endebess. Walimketisha kwenye benchi, akapewa silinda ndogo akipokezana na mzee mwingine. Kile kipimo cha kubana kidole kilisoma oksijeni asilimia themanini na moja, chini mno. Binti yake, Jerop, alikuwa amemshika bega asianguke. Nilipiga simu zote ishirini na tatu. Kitanda kilikuwa kimoja tu, na mnajua ni kipi.

"Usilete mtu," akasema Sista Peris.

Nilimfuata Tonny, dereva wa ambulensi, aliyekuwa akipeleka sampuli maabara Bungoma, jirani na Kibabii.

"Nibebe. Nataka kuona hicho kitanda kwa macho yangu."

"Ati unaenda kuona kitanda? Wewe bana," alisema, lakini alinifungulia mlango.

Wodi ya Sista Peris ilikuwa safi na imejaa kikohozi. Nilihesabu wagonjwa kwa kidole: kumi na mmoja kamili. Kwenye kona, kando ya dirisha, kilikuwa kitanda cha kumi na mbili. Shuka lilikuwa limenyooshwa, maski mpya ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Niliinama nikachungulia miguu ya kitanda, nikabonyeza godoro, nikafungua silinda kidogo. Ilitoa mlio. Kila kitu kilikuwa kizima.

"Funga hiyo," sauti ikasema nyuma yangu. Sista Peris alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye alama za barakoa zilizozama mashavuni.

"Ni ya mheshimiwa gani, Sista?"

"Mheshimiwa?" Aliifunga silinda mwenyewe. "Hii ni yetu. Ya manasi."

Akaniketisha ofisini, akanieleza. Mwezi wa sita muuguzi wake, Wabwile, aliugua akiwa kazini. Vitanda vyote vilikuwa vimejaa, na aliyemlaza mgonjwa wa kumi na mbili asubuhi hiyo alikuwa Wabwile mwenyewe. Alifia kwenye kiti katika chumba cha kubadilishia nguo, wenzake wakimpepea kwa faili.

"Kesho yake, kwa manasi wanane, walikuja wawili. Wengine simu zimezimwa. Sasa wewe niambie, watu wawili wanaangalia wagonjwa wangapi wa oksijeni?"

"Sijui."

"Wanne. Watano, kama Mungu amesaidia. Nilifuata hao wengine manyumbani, mmoja mmoja, mpaka Naitiri. Wakaniambia, Mama, tutarudi, lakini kitanda moja ikae yetu. Hata kama hakuna mtu anailalia. Wakarudi wote."

Nilianza kupiga hesabu kichwani, kwa mazoea tu. Kile kitanda kitupu ndicho kilichokuwa kikibeba vile kumi na kimoja. Kiondoe, na wodi nzima inabaki na vitano. Fomu yangu haikuwa na safu ya wauguzi. Tulikuwa tukidhani kitanda ni chuma na godoro, mimi na Nairobi yote.

"Sasa mbona ulikuwa unaniambia iko wazi?" nikauliza. "Si ungesema imejaa, nikuache?"

Alishtuka kana kwamba nimemwambia aibe sadaka.

"Mimi ni mtu wa Kanisa la Friends. Hiyo hesabu naisaini kwa kitabu ya wodi kila asubuhi, na siwezi kuweka sahihi kwa uongo."

Simu yangu ililia. Ilikuwa Jerop, na sauti yake ilisikika chumba kizima. "Dada, imefika sabini na nane. Wamempa yule mzee mwingine silinda."

Sista Peris aliinuka. "Kitanda si yangu, siwezi kukupatia. Manasi wako kwa zamu, waombe wenyewe."

Walikuwa wanne, wakikabidhiana zamu. Niliomba. Sijawahi kuomba kitu nikiwa na aibu namna ile, maana nilijua ninachoomba. Mmoja alitoka nje. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Hatimaye mmoja wao, Emmy, msichana mwenye mimba ya miezi sita hivi, akaniuliza, "Huyo mwalimu ako na miaka ngapi?"

"Sabini na moja."

"Wabwile alikuwa na thelathini na nne." Alichukua ile maski, akaipasua karatasi. "Mlete. Lakini ujue umechukua kwa nani."

Mwalimu aliletwa jioni hiyo na gari jingine kutoka Kitale. Asubuhi nikaandika kumi na viwili, kumi na wawili. Nikauliza pia jambo ambalo fomu haikuliuliza: wauguzi wangapi wamekuja?

"Saba kwa wanane," akasema Sista Peris.

Siku ya sita alinipigia kabla sijampigia. Emmy alikuwa ameanguka akitandika. Kipimo kilisoma themanini na nne, naye Mwalimu, ingawa alikuwa akipata nafuu, bado hangeweza kuvuliwa maski. Nilimwambia Sista asubiri kidogo. Nilikimbia hadi wodini kwetu. Muda mfupi kabla ya hapo mgonjwa mmoja alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, na kitanda chake kilikuwa kikitandikwa mbele ya macho yangu. Nilimtuma Tonny Kibabii hapo hapo. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa nne, akibahatika.

Nikarudi mezani, kwenye mstari wa hospitali yetu. Vitanda ishirini, nikaandika. Wagonjwa ishirini. Walikuwa kumi na tisa. Niliandika bila kusita, na hilo lilinishangaza kuliko chochote nilichokuwa nimekiona mwezi mzima.

Saa nne u nusu simu ikalia kutoka Lwakhakha. Alikuwa daktari kijana, anahema kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

"Dada Lorna, niko na mama hapa wa miaka arobaini, oksijeni yake sabini na sita. Tafadhali. Mko na kitanda?"

"Tumejaa," nikasema.

"Hata moja? Angalia tena."

Niliangalia tena. Kupitia dirisha nilikiona, shuka safi, hakuna mtu.

"Hata moja."

Emmy alifika saa saba kasorobo, akawekewa oksijeni, na wiki mbili baadaye akatoka kwa miguu yake, mtoto akiwa salama tumboni. Nilifurahi hadi nikalia. Yule mama wa Lwakhakha sikuuliza jina lake. Naogopa kulijua.