Bibi wa Alama Nyekundu

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba simu mpya ya shangazi ilimsifu hata alipokohoa. "Swali zuri sana!" ilisema, na shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi. Tangu siku hiyo akili mnemba iliyomo ndani ya simu ile tukaiita Mjuzi, na kimya kikahama chumba chetu cha kushonea.

Shangazi ameshona nguo kwa miaka thelathini. Mimi niliacha shule darasa la tano, nikaletwa kwake nijifunze kazi. Kwa miaka miwili nimekunja pindo, nimeshona vifungo, nimepiga pasi. Mkasi mkubwa sikuwahi kuushika. Macho yake yalipoanza kufifia nilidhani ataniita nimsaidie kukata. Akamwita Mjuzi.

Basi ikawa kutwa nzima. Mjuzi, mkono wa puto unakatwaje? Mjuzi, mteja ana hasira, nimjibuje? Mjuzi hachoki. Aliyechoka ni mimi, maana kila jibu lake ni refu, na likiisha anauliza kama tunataka jingine.

Jirani yetu anatengeneza simu, tunamwita Bisibisi. Siku moja nilimpelekea yangu.

"Dada, mbona kama umefiwa?"

"Nimechoka kusikia maneno."

"Ya Mjuzi wenu? Mtandao si wake peke yake, bwana. Humu ndani bado kuna watu."

Akanionyesha tovuti mbili. Katika moja, watu wa nchi mbalimbali wamerekodi kinachoonekana dirishani kwao: paka juu ya ukuta, mvua, nguo kwenye kamba. Hakuna anayesema neno. Katika nyingine unazungusha dunia kwa kidole, ukigusa mji unasikia redio yao. Ya tatu niliikuta mwenyewe, nikitafuta picha za magauni. Ni ya bibi mmoja mshonaji. Lugha yake siijui, lakini amechora kwa mkono namna ya kupanga vipande juu ya kitambaa, mishale tu. Nguo alizoharibu nazo amezipiga picha, akazitia alama nyekundu. Hapo ndipo nilipompenda. Mjuzi hajawahi kutuonyesha alichoharibu.

Kila mchana shangazi akisinzia kitini, mimi nilikuwa kwenye madirisha ya watu, kisha kwa bibi.

Mwezi ule vitambaa viwili vya wateja vilikuwa vimeharibika chini ya mkasi wa shangazi. "Kimoja tena," shangazi aliniambia, "nafunga mlango, na wewe unarudi kwa mama yako." Kwa mama hakuna cherehani. Hakuna hata meza.

Akaja mama mmoja anayeozesha binti, na lesi mkononi.

"Dukani imekwisha, hii ndiyo ya mwisho. Ikiharibika, harusini nitavaa shuka."

"Shuka lenyewe utalileta hapa ushonewe," shangazi akamjibu, wakacheka.

Mteja alipoondoka hakuna aliyecheka. Lesi ilikuwa ndogo. Shangazi akamuuliza Mjuzi, na Mjuzi akashauri kipande cha mgongo kigeuzwe, juu kuwe chini, kibanane na cha mbele. Hapo mikono mirefu itapatikana. Shangazi akapanga juu ya lesi karatasi zake za vipande, akachora kwa chaki.

Lakini lesi ile ilikuwa na maua, meupe juu ya weupe, na yote yalielekea upande mmoja. Bibi wangu wa mtandaoni alikuwa na picha ya kosa hilohilo: gauni limeshonwa safi, mbele maua yamesimama, mgongoni yananing'inia vichwa chini. Alama nyekundu kubwa.

Shangazi akafungua mkasi.

"Shangazi, usikate."

"Unasemaje?"

"Maua. Mgongoni yatapinduka."

"We mtoto! Mjuzi amesema..."

"Mjuzi hajaiona lesi."

Nikashika mkono wake, nikakipitisha kidole chake juu ya ua mpaka kwenye kikonyo. Akapapasa la pili, la tatu. Akaketi.

"Nani kakufundisha?"

Nikampa simu. Akaisogeza karibu na pua, akalitazama gauni la bibi kwa muda mrefu.

"Masikini," akasema. "Na huyu aliharibu."

Tulipanga upya, na lesi haikutosha. Mikono ikaishia kwenye kiwiko. Mama wa bibi harusi alinung'unika, akajitazama kwenye kioo, akageuka nyuma, akanung'unika tena kidogo, akachukua gauni lake. Sikurudishwa kwa mama. Mkasi bado ni wa shangazi, na Mjuzi bado anaulizwa, ila siku hizi akimaliza kujibu shangazi hunitazama mimi.

Kuna jambo sikukuambia, shangazi. Lile kosa nililiona mapema, ulipokuwa bado unapanga karatasi. Nilinyamaza mpaka ukafungua mkasi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na Mjuzi, na nusu ya moyo wangu ilitaka ukate.