Nusu Kikombe

...na upepo nao hauna adabu, unatulia vizuri mpaka Fazul apeleke kidole kwenye kitufe ndipo unaligusa lile ua la mlangilangi, lakini si upepo peke yake, sema kweli Fazul, miguu mitatu ya kamera umeizamisha kwenye udongo wa Ambanoro, mfuko wa mchanga umeuning'iniza katikati, chuma kimetulia tuli, kinachotikisika ni wewe, kidole kikigusa tu mkono mzima unatetemeka na kamera nayo inafuata, na ua likiwa shibiri moja tu kutoka kwenye lenzi, mtikisiko mdogo hivyo unatosha kuzifanya petali kama zimemwagiwa uji, maneno ya yule mpiga chapa wa Mahajanga hayo, alipozirudisha picha tatu, kalenda ya mwaka wa pili wa uhuru haifunguliwi na ua la uji, Musiu Fazul, ya nne ikitikisika namtafuta mwingine, akacheka, Fazul naye akacheka, miaka ishirini ya studio pale Ampisikina, mabibi harusi wa mtaa mzima, asicheke afanye nini... Roukia anasema kitu, amesimama upande wa bahari ameitandaza shiromani yake, nguo ya kujitanda, kuzuia upepo, anasema sijui jua linapanda, maskini mke wangu, hajui, tangu Ramadhani Fazul anamficha mikono, chini ya meza, ndani ya kanzu, akijua atasema funga studio, na mpiga picha asiye na mikono ni nani, ila na Roukia tangu Ramadhani hiyohiyo kaingiwa na ubahili, chai anatia nusu kikombe, mwenye nyumba anatiliwa nusu kama mtoto, Fazul amemnunia kwa hilo, naye mke haelezi, ikiisha anaongeza nusu nyingine...

"Mikono yako naijua, Baba Echata," Roukia anasema, hageuki, shiromani haimponyoki. "Ile picha ya harusi ya binti yetu, na wewe umo, umekaa kulia kwangu. Nani aliipiga?"

...anaijua, tangu lini, nusu kikombe, ya rabi, kikombe kilichojaa kingemwagika, hakuwa bahili, alikuwa anamsitiri, na yeye ananuna, mtu mzima hovyo... nani aliipiga, hakuna aliyeipiga, Fazul alivuta kile kikono kidogo kando ya lenzi akakimbia kukaa, kamera ikahesabu yenyewe, ikapiga yenyewe, na macho ya Echata yalitoka makali mpaka kope zinahesabika, kumbe, miaka yote kikono hiki amekiweka cha sherehe, cha kukimbilia kiti, wala hakuwaza kwamba mtu anaweza kukivuta akabaki palepale, mikono nyuma, akiangalia tu, na macho anayo, macho hayajatetemeka hata siku moja... Upepo bado, ua linayumba vilevile, jua linapanda, shiromani imejaa upepo na Roukia ameishikilia, haya, likitulia atavuta kikono aachie, lisipotulia watangoja, na jioni atakunywa nusu kikombe chake, mikono yote miwili juu ya meza.