Sabato Sita za Kemuma

Ulimi hauna mfupa, na wangu mimi Thadeus haukuwa na breki pia. Mwaka wa 1953 nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali moja mjini Kisii. Daktari Mzungu alisema Kiswahili cha kuamrisha, wagonjwa wakasema Kigusii, na mkalimani nilikuwa mimi.

Kemuma, mjane wa Ekerenyo, aliletwa kwa machela. Aliteleza mtoni akiwa na mtungi, goti likatua juu ya jiwe, na pia ya goti ikapasuka vipande viwili. Hakulalamikia maumivu. Aliuliza tu kama atalima tena, kwa maana shemeji yake Angwenyi alikwisha kusema kwamba mwanamke asiyeshika jembe hana haja na shamba, na shamba lenyewe liko mlimani.

Siku ya Alhamisi daktari alivitoboa vile vipande kwa keekee ndogo, akapitisha waya, akausokota kwa koleo mpaka mfupa ukakutana. Kazi ilikuwa safi, nakiri. Akamfunga plasta toka paja hadi kifundo cha mguu.

Kesho yake akaniagiza, "Mwambie wiki sita. Goti asikunje. Halafu arudi, plasta nitatoa mimi."

Sasa sikieni upumbavu wangu. Mimi Mkatoliki, yeye Msabato, nami nilipenda kuwatania Wasabato. Nikamwambia, "Mama, Sabato sita. Ya sita ikifika, umepona." Akacheka, nikacheka. Habari ya kurudi sikuitaja. Nilidhani atarudi tu.

Sabato ya kwanza ilikuwa siku iliyofuata. Ya sita ilipofika, wiki za daktari zilikuwa zimebakiza siku tano, na hata zingetimia, goti lile lingepaswa kukunjwa kidogo kidogo. Kemuma alikuwa kwake. Jirani yake Nyangate aliilowesha plasta kwa maji moto, akaikata kwa kisu, wakaenda kanisani wakishikana mikono. Waumini walipopiga magoti kushukuru, naye akapiga. Waliokuwa karibu walisikia waya ukikatika.

Goti likafanya usaha. Daktari akaviondoa vipande vyote, na mguu ukakauka ukiwa umenyooka. Hautakunjika tena.

"Muulize kwa nini alikunja," daktari alisema, kalamu mkononi.

Nikamuuliza. Kemuma akajibu kwa Kigusii, polepole, "Wewe uliniambia Sabato sita. Nilizihesabu zote."

Niliogopa. Nilikuwa na kazi na mke mja mzito.

"Anasema alisahau," nikamwambia daktari.

Akaandika, akaenda kitanda cha pili. Mimi nikabaki nimesimama pale. Sikukumbuka kwamba Kemuma aliuza ndizi sokoni miaka mingi, na Kiswahili cha sokoni alikijua.

"Mimi hapana sahau," aliniambia.

Mvua zilipoanza, Angwenyi ndiye aliyepanda wimbi katika shamba lile. Na faili la hospitali linasema Kemuma alisahau.