Kesi ya Gemu la Bure

Mama Muhuri alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyopita dirishani kwake bila tarehe, namba na sahihi. Mawakili walimwogopa kuliko walivyomwogopa hakimu. Ukimletea hati yenye mkunjo, anakurudishia. Ukimwambia hukujua utaratibu, anakutazama juu ya miwani na kukujibu kwamba kutojua sheria si utetezi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika mjini. Watu walimwita kwa ule muhuri aliokuwa akiugonga kutwa nzima, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Sasa tuambiane ukweli bila kupepesa macho: mwanamke wa namna hii ndiye aliyeiba gemu.

Mwenyewe hakuuita wizi. Nani anauita? Alikuwa amestaafu, goti limefanyiwa upasuaji, daktari kamwamuru akae na mguu juu ya stuli miezi miwili. Alikuwa akiishi na mdogo wake, nesi mstaafu mwenye mdomo mkali kuliko sindano alizokuwa akichoma watu, na wiki ya kwanza tu walishagombania redio, dirisha na mto wa kiti. Ndipo Mama Muhuri alipoona kwa jirani gemu la kompyuta la stesheni za treni. Wewe ndiwe mkuu wa stesheni. Unakata tiketi, unapanga foleni, unaangalia treni zisigongane, na ukifanya vizuri unahamishiwa stesheni nyingine kubwa zaidi. Kwa mtu aliyepanga foleni maisha yake yote, hiyo ilikuwa asali.

Gemu lilikuwa likiuzwa, wala halikuwa ghali. Lakini chini ya ukurasa wa wauzaji palikuwa na ukurasa mwingine uliosema pakua bure, sasa hivi, bila kadi ya benki. Ukurasa huo ulitoa sharti moja tu: kwanza uzime ulinzi wa kompyuta yako. Akauzima. Jamani! Mtu aliyewahi kurudisha hati ya wakili kwa sababu ya wino wa kijani alimfukuza mlinzi wa nyumba yake mwenyewe kwa kuambiwa na mgeni asiyemjua sura wala kabila.

Akacheza siku kumi na mbili, akafika stesheni ya tisa, raha mustarehe. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zake hazikufika hata nusu.

Jumanne asubuhi alifungua kompyuta akakuta kioo kizima chekundu, juu kabisa picha ya mizani, na chini ya mizani maandishi manene: UMEVUNJA SHERIA YA HAKIMILIKI. UTASHTAKIWA. Kulikuwa na maelezo mengine marefu chini yake, lakini Mama Muhuri hakuyasoma. Alifunga kifuniko kwa nguvu, akaikalisha kompyuta juu ya kabati kama vile ingeweza kumuuma, akarudi kitini jasho likimtoka.

Na usidhani alikuwa akiogopa jela. Alichoogopa ni kukosa kiti. Mtaa ulikuwa ukichagua msuluhishi mpya wa baraza, lile linalokaa kila Alhamisi kuamua ugomvi wa mipaka, kelele na mbwa wa watu, na fomu zilitakiwa kurudishwa Ijumaa ile ile. Tangu astaafu, Mama Muhuri alikuwa akijiona kama kiti kilichovunjika mguu, kimewekwa uani na hakuna anayekikumbuka. Alilitaka baraza lile kama mgonjwa anavyotaka maji. Na fomu ilisema wazi: mwenye kesi mahakamani asijisumbue kuomba. Swali la saba lilikuwa baya zaidi. Je, umewahi kutenda kosa, hata kama hukushtakiwa?

Mdogo wake aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema kwamba ajabu iko wapi, dunia nzima inapakua, aandike hapana, alambe bahasha, amalize. Mama Muhuri akamuuliza kama wakati wa unesi alikuwa akiandika dawa ambazo hakutoa. Hapo mdogo mtu akaacha kucheka. Akasema jambo moja la maana, kwamba angalau asome ile barua nyekundu hadi mwisho. Dada yake akakataa kata kata. Ya nini kuisoma? Kosa alilijua, alilitenda kwa vidole vyake mwenyewe.

Basi akafanya lile ambalo karani peke yake angeweza kulifanya. Alijifungulia jalada. Alitoa jalada jipya la kahawia, akapiga mstari kwa rula, upande mmoja akaandika Serikali, upande wa pili akajiandika mwenyewe: mshtakiwa. Akaandika maelezo ya kukiri kosa, kurasa tatu, nakala tatu, akataja tarehe ya kupakua, saa aliyocheza kila siku, hata siku aliyocheza huku akimdanganya mdogo wake kwamba anasoma habari. Karatasi zote akazipa namba. Tangu kesi zianze duniani, sidhani kama mwendesha mashtaka aliwahi kupikiwa na mshtakiwa chakula kikaiva namna ile.

Jumatano saa mbili asubuhi, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine mdogo wake aliyebeba kompyuta ndani ya khanga, alirudi kwenye mahakama yake ya zamani. Kupita lile dirisha akiwa upande wa nje kulimchoma moyo. Karani kijana aliyerithi kiti chake alisimama kwa heshima, naye akamwinamia kidogo bila kumtazama usoni.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo. Zamani, alipoanza kazi akiwa bado hajui A wala Be ya ofisi ile, Mama Muhuri ndiye aliyekuwa akimrudishia hukumu zisizo na tarehe. Alimkaribisha chumbani kwake, akavuta kiti mwenyewe, akasema shikamoo. Mama Muhuri akaitikia, kisha akaweka jalada mezani.

Hakimu alisoma kurasa zote tatu polepole. Kwenye ukurasa wa pili alifunika mdomo kwa mkono. Alipomaliza akauliza hati yenyewe ya wito iko wapi, kwa sababu kwenye jalada haikuwemo. Mdogo mtu akafungua khanga.

"Mama," hakimu akasema, "hebu ivae miwani yako ya kazi. Sahau kwamba hii ni yako. Kaileta mtu dirishani, anataka uipokee. Isome."

Mama Muhuri akafungua kompyuta. Macho yalishika njia yake ya zamani yenyewe, kutoka juu kwenda chini. Namba ya kesi hakuna. Jina la mahakama hakuna. Tarehe ya kufika mbele ya hakimu hakuna. Mlalamikaji hatajwi. Mshtakiwa anaitwa "mtumiaji mpendwa". Na chini kabisa, mahali ambapo yeye kwa miaka thelathini na mmoja alitafuta sahihi, palikuwa na maelezo kwamba faini ilipwe kabla ya saa sita mchana kwa kununua vocha za simu na kutuma namba zake.

Akasoma tena hapo penye vocha.

"Vocha," akasema. "Mahakama gani hii inakwangua vocha?"

Hakimu akashindwa kujizuia, akacheka, na nesi akacheka, hata Mama Muhuri mwenyewe akajikuta anacheka huku machozi yanamtiririka, maana ndani ya kifua chake mlikuwa na jiwe tangu jana na sasa halikuwemo. Hati ile angeirudisha kabla mleta hajamaliza kusalimia. Angeirudisha usingizini. Lakini mganga hajigangi, na mwenye hatia akisoma neno la kwanza tu anajimalizia mengine mwenyewe.

Wakamwita fundi wa kompyuta za mahakama, kijana asiye na maneno mengi, akakaa nayo saa nzima kwenye kona. Alirudi akaeleza kwamba aliyeandika barua nyekundu na aliyetoa gemu la bure ni mtu yule yule. Alilitoa kama chambo. Ndani ya gemu alificha kirusi kilichokuwa kikichungulia kila anachoandika mama, na bahati yake ni kwamba katika siku hizo kumi na mbili hakuwahi kufungua akaunti yake ya benki kwenye kompyuta hiyo, alikuwa ameshughulika na treni. Fundi akakisafisha, akawasha tena ulinzi, akamwambia abadilishe nywila zake zote akifika nyumbani. Mama Muhuri akamshukuru mara tatu.

Alipokuwa akisimama aondoke, moyo mwepesi, hakimu akamrudisha kitini.

"Wito ni wa uongo, mama. Kosa ni la kweli."

Akamweleza kwa upole, lakini bila kuipaka sukari. Gemu lile ni kazi ya watu, ina wenyewe. Kuichukua bila ruhusa yao kunawapa haki ya kukushtaki na kukudai, na anayeinakili na kuigawa ndiye yumo hatarini zaidi. Ila mezani kwake hakuna aliyelalamika, na yeye hawezi kufungua kesi kwa sababu mshtakiwa ana hamu nayo. Jalada hilo alichukue arudi nalo nyumbani. Na kama dhamiri yake inamuuma, basi amtafute mwenye mali, si mahakama.

Jioni ile ile Mama Muhuri alimtafuta. Alikuwa akitarajia kampuni kubwa yenye jengo la vioo, akakuta mke na mume wanaofanya kazi sebuleni kwao. Mke anachora zile stesheni, mume anazifanya zitembee. Akawaandikia yote, akaambatanisha maelezo yake ya kukiri, akawaambia ameshanunua nakala halali na kwamba wakitaka kumshtaki anwani yake ni hii. Mdogo wake alisoma juu ya bega lake akasema kwamba sasa anaingia mwenyewe chunguni na chumvi anajitilia. Usiku Mama Muhuri hakulala vizuri, maana safari hii barua ilikuwa ya kweli, na wenye haki ya kumshtaki walikuwa wameshaipata.

Jibu lilikuja Alhamisi mchana. Mke ndiye aliyeandika. Alisema wamefanya kazi hiyo miaka minne, wanaona nakala za wizi kila mahali, na siku nyingine wanakaa tu wanatazamana, wasijue kama waendelee. Watu wengine wakiwaandikia ni kuwatukana kwamba nakala ya bure inakwama. "Wewe ni wa kwanza kutuomba radhi," aliandika. "Hatuna malalamiko yoyote dhidi yako. Ila tunataka kujua kitu kimoja: ulifika stesheni ya ngapi? Maana hiyo nakala waliiiba kabla hatujamaliza. Ina stesheni tisa. Ziko ishirini na nne."

Mama Muhuri alisoma barua ile kwa sauti mara mbili, akamkumbatia mdogo wake, ambaye hakuwa amekumbatiwa na dada yake tangu harusi ya jamaa mmoja miaka mingi iliyopita.

Ikabaki fomu. Kwenye swali la saba akaandika ndiyo, akaambatanisha maelezo kurasa tatu pamoja na barua ya kutolalamika, akaipeleka Ijumaa asubuhi. Hakuwa na matumaini. Lakini alirudi nyumbani akala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile, akajisemea kwamba kiti wakimnyima wamnyime, usingizi wake hawamnyimi.

Jumatatu mwenyekiti wa baraza akamwita. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mkavu asiyejua kuzungusha maneno. Mezani kwake palikuwa na rundo la fomu, na fomu ya Mama Muhuri ilikuwa peke yake pembeni. Akaona imetengwa, moyo ukamwanguka. Akaanza kumwambia mwenyekiti kwamba anaelewa, hana kinyongo, na hana haja ya kumpotezea muda.

Mwenyekiti akanyanyua mkono.

"Nimepokea fomu kumi na tisa," akasema. "Kumi na nane ni za malaika. Hawajawahi kukosa, hata kwa bahati mbaya. Mama, malaika hao mimi nawajua. Kila Alhamisi wako hapa mbele yangu wanagombana, na hakuna hata mmoja ambaye amewahi kukosea. Nimechoka nao. Nataka nikae na mtu mmoja anayejua neno 'nimekosa' linavyoandikwa."

Akamsogezea karatasi ya kiapo. Mama Muhuri akavaa miwani. Akaisoma ile karatasi kutoka juu kwenda chini, kisha akaona, akaona vizuri kabisa, kwamba haikuwa na tarehe. Akairudisha.

Mwenyekiti akaomba radhi, akaiandika tarehe. Mama Muhuri akatia sahihi, akatoka nje na fimbo yake, akamkuta mdogo wake amekaa kwenye benchi na leso mkononi, amejiandaa kwa kilio. Akamwambia waende nyumbani, kwa sababu Alhamisi anaanza kazi.