Kikombe cha Uboho

Siku ya tatu mfululizo Shangazi alikuja na ndoo ya mifupa ya ng'ombe kutoka buchani, akaketi kizingitini na kuipasua kwa nyundo. Kila mfupa uliopasuka aliuchokoa uboho kwa mpini wa kijiko, ukatoka mbichi, wenye michirizi ya damu, ukateleza kikombeni kama kamasi. Nzi walishamzoea, siku hizi walifika kabla yake.

Kitinda mimba aliangalia, mate ya kichefuchefu yamemjaa kinywani. Hata komeo la mlango aliona kinyaa kuligusa, jinsi lilivyonata mafuta.

Mgonjwa alikuwa kaka yake, fundi rangi wa magari, aliyerudishwa nyumbani baada ya kuongezewa damu. Kwenye karatasi yake daktari aliandika: aplasia ya uboho. Shangazi aliulizia, akaambiwa uboho wa kijana umeacha kazi, basi akakata shauri: kilichopungua huongezwa. Tena usipikwe, moto unaua nguvu. Kaka alikuwa akimeza, kisha anajifuta ulimi kwa shuka. Angemkatalia vipi aliyemlea tangu hajaota meno?

Asubuhi ile, Shangazi akiwa bado anapasua, kitinda mimba aliichukua karatasi, akakaa kwenye benchi la kliniki mpaka nesi alipopata nafasi. Nesi hakumcheka. Alimwambia uboho ni jiko lililo ndani ya mifupa. Humo hupikwa chembe za damu, nyekundu za kubeba hewa, nyingine bapa kama sahani za kuziba jeraha, nyeupe za kulinda mwili. Aplasia maana yake jiko limezimika. Anachokula mtu kinakwenda tumboni, kule hakifiki. Na asiye na chembe nyeupe, vijidudu vya nyama mbichi humwingia kama nyumba isiyo na mlango. Akipata homa, aletwe saa hiyohiyo.

Alirudi mbio, akakuta kikombe ki mdomoni mwa kaka. Akakishika. Akaeleza yote, taratibu, macho chini.

"Wewe niliyekufuta kamasi ndiye wa kunifundisha kuuguza?" Shangazi akauliza. "Kama ni sumu, inywe wewe tuone."

Akainywa. Ilikuwa baridi, ikaganda kwenye kaakaa, ikashuka kwa mabonge. Akabana pua, akamaliza.

"Mimi nitaharisha tu, Shangazi," akasema, midomo inang'aa mafuta. "Mimi nina chembe za kunilinda. Yeye hana."

Shangazi akageuka. Kaka alikuwa anatetemeka chini ya blanketi, na jua la mchana likichoma bati. Akamgusa kipaji cha uso, akaurudisha mkono kama aliyeungua.

Aliisukuma ndoo kwa mguu, mifupa ikamwagika uani pamoja na nzi wake, akainama, akambeba kijana mgongoni kama zamani, akashika njia ya kliniki. Kitinda mimba alitapika mara moja, pale ukutani, kisha akawakimbilia na karatasi mkononi.