Mita Mia Nne za Majadilla

Nilikuwa meya wa Hontarrubia kwa miaka kumi na mmoja, bila mshahara, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka umeya. Daftari la wakazi lilikuwa na majina thelathini na tisa. Mmoja wao alikuwa Benilde, mjane wa miaka sabini na sita aliyeishi peke yake Majadilla, nyuma ya mlima. Majadilla ni yetu, lakini barabara ya kufika huko hupita mkoa wa jirani, kisha hurudi kwetu zikiwa zimebaki mita mia nne tu kabla ya mlango wake.

Januari ile theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Benilde alikuwa akisafishwa damu kwa mashine hospitalini mara tatu kwa wiki. Jumatano gari la wagonjwa lilishindwa kupita. Alhamisi asubuhi akanipigia simu.

"Eufrasia, greda la theluji limekuja, likafika kwenye jiwe la mpaka, likageuza."

"Limegeuza vipi?"

"Limegeuza, mwanangu. Dereva kanipungia na mkono."

Nikapiga simu mkoa wa jirani, wenye greda hilo. Wakasema mita zile si zao. Nikapiga mkoa wetu. Wakakubali kuwa ni zao, ila greda lao halina ruhusa ya kupita barabara ya wenzao bila barua ya katibu wa manispaa. Katibu wetu, Leocadia, alihudumia vijiji vinne, na kwetu alikuja Jumanne tu.

"Nitasaini Jumanne," akasema nilipompigia.

"Jumanne tutakuwa tunamzika."

"Basi nisaini leo. Lakini wana siku kumi za kujibu, Eufrasia. Sheria sikuitunga mimi."

Nikakata simu kabla sijamtukana, maana hakustahili. Nikamchukua Melitón, mwenye baa, pamoja na mwanawe wa kike na sepetu nne, tukazunguka mlima kwa gari. Pale kwenye jiwe tukalikuta greda limerudi kwa duru ya pili. Dereva alikuwa mwanamume wa makamo, jina lake Jacinto.

"Vuka tu, dakika tano," nikamwambia.

"Mama, hii mashine ina kifaa, ofisini wanaona ilipo. Mwaka jana mwenzangu alivuka, wakamsimamisha kazi."

"Na wewe mwenyewe, una kifaa?" Melitón akamuuliza.

Jacinto akatutazama mmoja mmoja. Akazima injini, akashuka, akachukua sepetu ya nne.

Tulichimba kwa muda wa saa tano. Theluji ilifika kiunoni, chini yake barafu. Mgongo uliniuma, na hasira zikaniuma zaidi, kwa sababu ile mashine ilisimama nyuma yetu muda wote, nzima, tangi limejaa mafuta. Tulipomfikia, Benilde alikuwa kitini amevaa koti, miguu imevimba, akihema kwa shida. Melitón akambeba mgongoni.

"Mmechelewa," Benilde akasema.

"Tumechelewa, mama."

Tulimfikisha hospitalini, akanusurika. Lakini Machi alikuja ofisini, akiwa tayari amehamia kwa bintiye mjini.

"Nifute daftarini," akasema.

"Subiri kiangazi, huenda barua ikajibiwa."

"Eufrasia, wewe mwenyewe unaamini hayo?"

Nilichukua fomu, nikaijaza kwa mkono wangu, naye akasaini pale nilipomwonyesha.